Picha Moja Haikutosha: Umbo la DNA Lilivyong'amuliwa, na Dhuluma Aliyofanyiwa Rosalind Franklin

James Watson alipofariki Novemba 2025 akiwa na miaka 97, simulizi mbili zilienea haraka kuliko taarifa yenyewe ya msiba. Ya kwanza ni ile tuliyoikariri shuleni: vijana wawili wa Cambridge, Watson na Francis Crick, walikaa wakafikiri, na mwaka 1953 wakagundua kwamba DNA ina umbo la ngazi iliyosokotwa. Ya pili ndiyo iliyosambazwa zaidi kwenye simu zetu, nayo inadai kwamba hawakugundua chochote, waliiba. Palikuwa na mwanamke, Rosalind Franklin, aliyepiga picha. Picha ikachukuliwa bila yeye kujua. Watson akaitupia jicho mara moja, akaelewa kila kitu, na wanaume watatu wakaenda kupokea Tuzo ya Nobel. Wanaosambaza simulizi hii ya pili wana nia njema. Wanataka kumrudishia mtu haki yake. Naiheshimu nia hiyo, na kwa sababu hiyohiyo nataka kuonyesha inakosea wapi, maana ikiaminiwa ilivyo, Franklin anapokonywa kitu kikubwa kuliko picha.

Hoja yangu ni hii. Simulizi zote mbili zimesimama juu ya kosa moja, nalo ni kudhani kwamba umbo la DNA lilionekana kwa ghafla, ama kichwani mwa mtu ama kwenye filamu. Halikuonekana namna hiyo. Lilikokotolewa hatua kwa hatua kutokana na ushahidi wa aina mbalimbali: kemia, tabia ya maji, vipimo vya eksirei, kanuni za ulinganifu wa fuwele, na modeli za waya na bati. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho peke yake kingefikisha watu kwenye jibu. Franklin hakuwa mpiga picha aliyeporwa kazi ya mikono yake. Alikuwa mmoja wa wanasayansi wanne walioling'amua umbo hilo, pamoja na Maurice Wilkins, Watson na Crick. Na dhuluma aliyofanyiwa haikukamilika siku picha ilipoonyeshwa. Ilikamilika wiki kadhaa baadaye, katika sentensi zilizochapishwa kwenye jarida la kisayansi, na mpaka leo zinasomeka.

Tuanzie mbali kidogo, kwa kuwa masimulizi mafupi hukata hapa. Mwaka 1869, huko Tübingen, Ujerumani, daktari kijana kutoka Uswisi, Friedrich Miescher, aliosha bandeji zenye usaha zilizotoka hospitalini, akapata ndani ya viini vya seli dutu isiyokuwa protini na yenye fosforasi nyingi. Kwa miongo mingi dutu hiyo haikupewa uzito. Phoebus Levene wa Taasisi ya Rockefeller, New York, alifanya kazi kubwa ya kuitambua sukari yake na namna inavyoungana na fosfeti na besi nne: adenini, guanini, sitosini na thimini. Lakini Levene aliamini pia kwamba besi hizo zipo kwa kiasi sawa na zinajirudia kwa mpangilio uleule mwanzo hadi mwisho. Kitu kinachojirudia hivyo hakiwezi kubeba habari za urithi, kwa hiyo wataalamu wengi waliweka matumaini yao kwenye protini. Mwaka 1944, katika taasisi ileile, Oswald Avery, Colin MacLeod na Maclyn McCarty walionyesha kwamba DNA iliyosafishwa kutoka kwa bakteria wa kichomi wanaoua iliwageuza bakteria wasio na madhara kuwa wauaji, na vizazi vyao vikairithi tabia hiyo. Wengi waliendelea kutilia shaka. Aliyeshtuka na kubadili mwelekeo wa kazi yake ni Erwin Chargaff wa Chuo Kikuu cha Columbia, aliyeanza kupima besi za DNA za viumbe tofauti kwa mbinu mpya ya kromatografia ya karatasi, yaani kuzitenganisha kemikali kwa kuziacha zitembee juu ya karatasi. Kufikia 1950 alikuwa na matokeo mawili mkononi. Uwiano wa besi hutofautiana kati ya kiumbe na kiumbe, kwa hiyo Levene alikosea. Lakini kila alipopima, kiasi cha adenini kilikaribiana na cha thimini, na cha guanini na cha sitosini. Chargaff aliiona sadfa hiyo akaiandika. Sababu yake hakuieleza.

Kuna jina jingine ambalo halitajwi kabisa, nalo ni la John Masson Gulland wa Nottingham. Mwaka 1947 kikundi chake kiliongeza asidi na alkali kidogo kidogo kwenye DNA, kikaonyesha kwamba besi zake zimeshikana kwa vifungo vya haidrojeni. Oktoba mwaka huohuo Gulland alifariki katika ajali ya treni, na kazi ikapoa. Namtaja kwa sababu ukiweka matokeo yake pamoja na ya Chargaff, nusu ya jibu ilikuwa tayari imechapishwa kabla Watson hajakanyaga Uingereza. Hakuna aliyeyaweka pamoja.

Nusu ya pili ilihitaji fizikia. Mionzi ya eksirei ikielekezwa kwenye fuwele au uzi wa dutu, atomu huitawanya. Mawimbi yaliyotawanywa hukutana, mengine yakiongezana nguvu na mengine yakifutana, na filamu iliyo nyuma hupata madoa. Madoa hayo si sura ya molekuli. Uhusiano wake na molekuli ni wa kinyume: kadiri madoa yanavyoachana ndivyo sehemu za molekuli zinavyokaribiana. Kuyasoma ni hesabu, na ni hesabu ngumu. William Astbury na mwanafunzi wake Florence Bell, huko Leeds, walichapisha mwaka 1938 vipimo vilivyoonyesha kwamba besi za DNA zimelaliana moja juu ya nyingine kwa nafasi ya nanomita 0.34, na nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Kipimo hicho kilikuwa sahihi. Lakini picha zao zilikuwa na ukungu, na sababu yake haikujulikana kwa miaka mingine 13.

Aliyeipata sababu hiyo ni Franklin. Alifika Chuo cha King's, London, Januari 1951, akitokea Paris alikokuwa amejijengea jina katika utafiti wa makaa na kaboni. Mkuu wa maabara, John Randall, alikuwa amemwandikia Desemba 1950 kwamba kazi ya eksirei juu ya DNA itakuwa yake pamoja na mwanafunzi wa uzamivu, Raymond Gosling. Wilkins, ambaye ndiye aliyeianzisha kazi hiyo pale King's, akiwa na Gosling na DNA bora iliyotengenezwa na Rudolf Signer wa Bern, hakuambiwa. Alidhani Franklin anakuja kumsaidia yeye. Ugomvi uliofuata umesimuliwa mno kama mgongano wa tabia, mwanamke mkali na mwanamume mwenye haya. Mimi nauona kwanza kuwa ni kosa la uongozi: bosi mmoja aliwapa watu wawili kazi moja kwa maneno mawili tofauti, kisha akanyamaza. Nimeshuhudia jambo la aina hiyo katika ofisi zetu zaidi ya mara moja, na kila mara lawama huangukia tabia za walio chini.

Ndani ya miezi michache Franklin alifanya jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo msingi wa yote yaliyofuata. Alidhibiti unyevu wa hewa iliyouzunguka uzi wa DNA, akagundua kwamba DNA ina maumbo mawili. Ukikauka kiasi, uzi hutoa madoa mengi, madogo na makali. Umbo hilo likaitwa A. Ukizidishwa unyevu, uzi hunyonya maji, hurefuka, na madoa hubadilika kabisa. Hilo likaitwa B. Ukungu wa picha za Leeds ulikuwa mchanganyiko wa maumbo hayo mawili. Na kutokana na wepesi wa maji kuingia na kutoka, Franklin alifikia hitimisho la kikemia: fosfeti, ambazo hupenda maji, lazima ziwe upande wa nje wa molekuli, na besi ziwe ndani. Aliyasema hayo hadharani katika semina ya Novemba 1951. Watson alikuwepo na hakuandika chochote. Siku chache baadaye yeye na Crick walijenga modeli ya nyuzi tatu yenye fosfeti katikati. Franklin alifika Cambridge na wenzake wa King's, akaitazama, akauliza maji yako wapi. Watson alikuwa amekumbuka vibaya kiasi cha maji. Modeli ikafa palepale, na mkuu wa maabara yao ya Cavendish hapo Cambridge, Lawrence Bragg, akawaagiza waiachie King's kazi ya DNA.

Msomaji azingatie pia yaliyompata mkemia wa Marekani, Linus Pauling, ambaye wakati ule hakuwa na mpinzani duniani katika ujenzi wa modeli za molekuli. Februari 1953 alichapisha umbo lake la DNA. Lilikuwa la nyuzi tatu, fosfeti zikiwa katikati, na haidrojeni zimeshikilia fosfeti hizo kiasi kwamba molekuli isingekuwa tena asidi, ilhali uasidi umo ndani ya jina lake. Husemwa mara nyingi kwamba Pauling alikosea kwa sababu serikali ya Marekani ilimnyima pasipoti mwaka 1952, asiweze kwenda London kuona picha. Hoja hiyo haisimami: katikati ya mwaka huohuo alipata ruhusa, akafika Uingereza, na hakwenda King's. Ninachokiona katika visa hivi viwili ni kwamba kipaji cha modeli kisicho na vipimo vya King's kilijaribiwa mara mbili, na watu wenye akili sana, na mara zote mbili kiliishia kuiweka ngazi ndani nje.

Sasa tuje kwenye picha yenyewe. Picha 51 ilipigwa Mei 1952 na Gosling chini ya usimamizi wa Franklin, uzi ukiwa katika umbo la B na mionzi ikiachwa kwa zaidi ya saa 60. Ina madoa yaliyojipanga kama herufi X, na kwa mtaalamu huo ni mwangwi wa heliksi, yaani umbo linalozunguka kama hesi. Kutokana na nafasi za madoa unapata kwamba heliksi hukamilisha mzunguko mmoja kila nanomita 3.4, kwamba kuna vidato kumi vya ngazi katika mzunguko huo, na pale doa linapokosekana pana dalili kwamba nyuzi ni mbili. Ni mengi, lakini tazama kisichokuwemo. Picha haisemi besi zinashikana vipi. Haisemi ipi inakwenda na ipi. Haisemi kama nyuzi mbili zinaelekea upande mmoja au zinapishana. Ni kama nyayo mchangani: fundi atakuambia urefu wa hatua na uzito wa aliyepita, lakini sura yake hataipata hapo. Na tuna ushahidi wa wazi kuhusu hili. Mwaka 1951, mwaka mzima kabla ya Picha 51, Elwyn Beighton katika maabara ya Astbury huko Leeds alipiga picha za DNA zenye X ileile. Astbury aliziona, hazikumvutia, hazikuchapishwa. Kama kuitazama X kungetosha, umbo la DNA lingejulikana Leeds mwaka 1951.

Picha ilimfikiaje Watson? Mwanzoni mwa 1953 Franklin alikuwa akijiandaa kuhamia Chuo cha Birkbeck, na Gosling alikuwa anarudi chini ya Wilkins. Picha ikapita kwa Gosling hadi kwa Wilkins, na tarehe 30 Januari Wilkins akamwonyesha Watson bila kumuuliza Franklin. Hakuna droo iliyovunjwa. Lakini pia hakuna aliyeona haja ya kugonga mlango wa mwenye kazi, ambaye alikuwa katika jengo hilohilo, na hilo silitetei. Ninachosema ni kwamba picha ilimpa Watson msukumo tu. Vipimo vilivyoijenga modeli vilitoka kwingine.

Vilitoka kwenye ripoti. Desemba 1952 kamati ya Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza ilitembelea King's, na kila mtafiti aliandika muhtasari wa kazi yake. Nakala moja alipewa mjumbe wa kamati, Max Perutz wa Cambridge. Februari 1953 Perutz aliwapa Watson na Crick. Humo Franklin alikuwa ameandika vipimo vya fuwele za umbo A na aina ya ulinganifu wake. Crick wakati huo alikuwa akiandika tasnifu ya uzamivu kuhusu himoglobini ya farasi, ambayo fuwele zake zina ulinganifu wa aina ileile, kwa hiyo aliposoma mstari huo aliona maana yake mara moja: ukiipindua molekuli chini juu inabaki ilivyo, na hilo linawezekana iwapo nyuzi mbili zinaelekea pande zinazopishana. Hapa sifa lazima igawanywe kwa haki. Franklin ndiye aliyepima na kuandika. Hakuwa ameona maana hiyo, na Crick aliiona.

Hatua ya mwisho ilikuwa ya kemia. Watson alikuwa akizipanga besi kwa jozi za kufanana, adenini kwa adenini, akitumia michoro ya vitabu vya wakati ule. Mkemia Mmarekani aliyekuwa akitumia ofisi moja nao, Jerry Donohue, alimwambia michoro hiyo imeweka atomu za haidrojeni mahali pasipo pake. Tarehe 28 Februari Watson alichezea vipande vya kadibodi vilivyokatwa upya kwa maelekezo hayo, akaona kwamba adenini na thimini zikishikana zinatoa umbo lenye upana sawa na la guanini na sitosini. Kwa jozi hizo, sadfa ya Chargaff ilipata sababu, vifungo vya Gulland vilipata mahali pa kukaa, na upana wa ngazi ukabaki nanomita 2 kuanzia chini hadi juu. Na papo hapo ikaonekana namna urithi unavyoweza kunakiliwa: tenganisha nyuzi, na kila mmoja unakuwa kiolezo cha kujenga mwenzake. Hiki ni kipande cha Watson, na nisingependa chuki ya mtu yeyote dhidi yake ikifute. Hakuna mwingine aliyekipata.

Wanaowatetea watu wa Cambridge wana hoja ambazo si za kupuuzwa. Ripoti ile haikuwa na muhuri wa siri. Perutz alilisisitiza hilo mwaka 1969 alipolazimika kujitetea. Mengi yaliyokuwemo Franklin alikuwa ameshayasema katika semina ya 1951, na kama Watson angeandika, angekuwa nayo. Tena wanahistoria Matthew Cobb na Nathaniel Comfort waliangazia mwaka 2023 barua ya Januari 1953 ambayo Pauline Cowan wa King's alimwalika Crick kwenye mhadhara wa Franklin na Gosling, akiongeza kwamba Perutz tayari anajua zaidi ya yatakayosemwa hapo. Maana yake ni kwamba Franklin alijua taarifa zake zinafika Cambridge kupitia Perutz, na hakuonekana kulalamika. Upande wa pili una hoja yake pia, na ninaiona nzito zaidi: kujua kwamba mwenzako amesoma ripoti yako hakulingani na kukubali kwamba aitumie kujenga jibu la swali lilelile unalolishughulikia, kabla hujachapisha, bila kukuambia. Mpaka umbo linakamilika hakuna aliyemwambia.

Hoja dhaifu kuliko zote inatumiwa na pande zote mbili. Inasema Franklin alikuwa na jibu mkononi kwa miezi tisa bila kulitambua. Wanaomdharau huisema kwa ukali: hakuwa na ubunifu, aliichukia heliksi. Wanaomlilia huisema kwa upole bila kujua kwamba wanasema jambo lilelile, kwani ukidai Watson aliona kila kitu kwa mtazamo mmoja, umedai pia kwamba mwenye picha aliitazama tangu Mei mpaka Januari akapofuka. Ukweli ni kwamba Franklin alichagua kwa makusudi kuanza na umbo A, kwa sababu madoa yake mengi yalitoa vipimo vingi zaidi, na mtaalamu wa fuwele hufuata penye vipimo. Ni kweli kwamba kuhusu A alitilia shaka heliksi, na Julai 1952 yeye na Gosling waliandika tangazo la mzaha la kifo cha heliksi hiyo. Uamuzi huo ulimgharimu muda, hilo halina ubishi. Lakini daftari zake, zilizochambuliwa na Aaron Klug, aliyefanya naye kazi Birkbeck, mwaka 1968, zinaonyesha kwamba kufikia 24 Februari 1953, siku nne kabla ya kadibodi za Watson, alikuwa amekubali kwamba A na B zote ni heliksi za nyuzi mbili, na alikuwa ameandika kwamba mpangilio wa besi unaweza kuwa wa namna zisizo na idadi, hivyo kutosha kueleza utofauti wa viumbe. Rasimu ya makala yake kuhusu umbo B ina tarehe 17 Machi. Alibakiwa na kupishana kwa nyuzi na jozi za besi. Mtu aliyefika hapo peke yake, bila Crick wa kubishana naye, hakuwa kipofu.

Kwa hiyo dhuluma ilitokea wapi? Fungua jarida la Nature la 25 Aprili 1953. Makala tatu zimepangwa mfululizo: ya kwanza ya Watson na Crick, ya pili ya Wilkins na wenzake Stokes na Wilson, ya tatu ya Franklin na Gosling. Mpangilio huo peke yake unamfundisha msomaji kwamba wawili walifikiri na wengine wakaja kuthibitisha, ilhali kilichotangulia ni vipimo. Kisha kuna maneno. Watson na Crick wanaandika kwamba hawakuyajua kwa undani matokeo ya makala zinazofuata wakati wanabuni umbo lao, na kwamba umbo hilo limetegemea zaidi taarifa zilizokwisha kuchapishwa. Katika shukrani wanataja kuwa walichochewa na kujua kwa ujumla matokeo na mawazo ambayo Wilkins, Franklin na wenzao hawakuwa wameyachapisha. Kwa ujumla! Ripoti yenye vipimo hadi desimali, na mstari wa ulinganifu uliompa Crick mwelekeo wa nyuzi, vinaitwa kujua kwa ujumla. Mwaka uliofuata, 1954, katika makala ndefu ambayo watu wachache huisoma, Crick na Watson walikiri kwamba bila data za King's kuling'amua umbo hilo kungekuwa jambo lisilotarajiwa sana, kama si lisilowezekana. Kwa hiyo ukweli waliujua na waliweza kuuandika. Waliuandika mahali ambapo usingebadilisha chochote.

Franklin alifariki 16 Aprili 1958 kwa saratani ya ovari, akiwa na miaka 37, baada ya miaka mitano ya kazi bora sana juu ya virusi huko Birkbeck. Baadhi ya watu hutaja kwamba alikuwa amekuwa rafiki wa Crick na mkewe Odile, na kwamba alipumzika nyumbani kwao baada ya upasuaji, wakitaka tuamini kwamba hakukuwa na deni. Mtu ambaye hajui alichotendewa hawezi kusamehe. Habari za picha na ripoti ziliufikia umma mwaka 1968, pale Watson alipozichapisha mwenyewe katika kitabu chake, miaka 10 baada ya kifo cha Franklin, na ndani ya kitabu hichohicho akamchora kama mwanamke mchungu asiyejua kuvaa wala kuelewa data zake. Nobel ya 1962 ilikwenda kwa Watson, Crick na Wilkins, na kanuni ya tuzo hairuhusu marehemu. Hilo kamati haikuweza kulibadilisha. Kitabu kilikuwa hiari ya mwandishi.

Sisi wasomaji wa Afrika tunalo deni jingine na Watson, na sioni sababu ya kulifumbia macho katika makala kama hii. Mwaka 2007 aliliambia gazeti la Uingereza kwamba hana matumaini na mustakabali wa Afrika, kwa madai kwamba sera zote huchukulia akili za watu wake kuwa sawa na za wengine ilhali vipimo havisemi hivyo. Aliomba radhi, akajiuzulu uongozi wa maabara ya Cold Spring Harbor huko Marekani, kisha akayarudia madai yake, na Januari 2019 maabara hiyo ikamvua vyeo vya heshima vilivyobaki. Kinachoniumiza zaidi ni kwamba molekuli aliyosaidia kuifumbua inampinga. Utofauti mkubwa zaidi wa kijenetiki wa binadamu umo ndani ya Afrika yenyewe, na sehemu kubwa ya utofauti wote umo ndani ya jamii, si kati ya jamii na jamii. Mwanzoni mwa mwaka huohuo wa 2007, kikundi cha Sarah Tishkoff kilichapisha utafiti uliofanywa kwa wafugaji na jamii nyingine za Tanzania, Kenya na Sudan, uliokuta mabadiliko matatu ya kijenetiki yanayowawezesha watu wazima kumeng'enya maziwa, yote yakiwa tofauti na lile la Ulaya. Hivyo ndivyo DNA inavyoonekana inaposomwa kwa kupimwa. Watson wa 1951 alipokumbuka vibaya kipimo cha maji, palikuwepo mtu wa kumsahihisha usoni. Watson wa 2007 alizungumza bila kipimo chochote, juu ya bara zima, na umaarufu wa ngazi ile ndio uliompa kipaza sauti.

Hapo ndipo ninapoona uzito wa kuisimulia habari hii sawasawa. Tukimfundisha mtoto kwamba ugunduzi ni macho ya mtu mmoja mwenye kipaji, tumemfundisha pia kumwamini mtu huyo akizungumza lolote. Tukimwonyesha kwamba jibu lilihitaji bandeji za Tübingen, karatasi za Chargaff, unyevu wa Franklin, ulinganifu wa Crick, sahihisho la Donohue na kadibodi za Watson, na kwamba kila kipande kilikuwa na makosa yaliyorekebishwa na mwenzake, atauliza ushahidi uko wapi hata mbele ya mwenye Nobel. Na watafiti wetu vijana, ambao sampuli na data zao husafiri kwenda maabara za nje kila mwaka, watajua kwamba suala la nani anatajwa huamuliwa mapema, katika makubaliano ya kutumia data na katika orodha ya majina juu ya makala, wala halisubiri mwanahistoria aje miaka 70 baadaye. Franklin aliliheshimu hilo kwa walio chini yake. Gosling alikuwa bado mwanafunzi, na Picha 51 ilitoka kwenye kamera aliyoihudumia yeye. Ingekuwa rahisi kumweka kwenye shukrani. Makala ya tatu ya 25 Aprili 1953 ina waandishi wawili: Rosalind Franklin na R. G. Gosling.